Wenye uzoefu wa kupima vitamini A kwenye damu naomba msaada, tyubu zangu zilikaa dirishani

Binti_Chamwino

Habari za humu wakuu. Naomba mnisaidie hasa nyie mliokaa maabara miaka mingi, manake hapa nilipo sina wa kumuuliza na usingizi umekata kabisa.

Nipo Dodoma nasoma masters, kazi yangu ni kupima vitamini A ya kwenye damu, ile ambayo mtu anatembea nayo kutokana na chakula chake, sio ya dawa, kwa akina mama wanaonyonyesha. Kwenye proposo niliandika nitapima vitu vitatu: retinoli, retinili palmiteti na asidi ya retinoiki, zote ni sura za vitamini A. Mashine tuliyonayo ni HPLC, ile inayotenganisha kemikali kwenye bomba jembamba (kolamu), inayosoma kwa mwanga wa UV, ya zamani ila inafanya kazi.

Sasa wiki iliyopita tulienda kijiji kimoja wilaya ya Chamwino kuchukua damu. Wamama wale walitoka makwao alfajiri na watoto mgongoni, wengine vitongoji vya mbali kweli, tulipofika tukawakuta wameshakaa chini ya mbuyu wanatusubiri. Mama mmoja wakati namfunga mpira mkononi akaniambia, mwanangu chukua tu damu lakini majibu uniletee, walishakuja wenzio wakachukua hawakurudi. Hayo maneno yamenikaa hadi leo.

Tatizo lilianza foili ya kufunga tyubu zisipigwe na mwanga ilipoisha. Tyubu kumi na moja za mwisho hazikufungwa kitu, zikaingia kwenye deli hivyo hivyo, alafu tulipofika kituo tulichopanga kusentrifyuji, yan kuzizungusha plazma ijitenge na seli, umeme ukawa umekatika, mtu mmoja akazitoa kwenye deli akazipanga kwenye raki juu ya meza pembeni ya dirisha eti zisije zikaganda na barafu, mimi nilikuwa nje nahangaika na jenereta. Nakuja kuziona ni saa nane mchana na zilikaa pale tangu saa tano. Jua la huku mnalijua. Ndo zikasentrifyujiwa, plazma ikaingia friza.

Tatizo la pili ni blanki. Kila plazma ninayoshika tayari ina retinoli ndani yake. Nikiongeza standadi, yan retinoli safi ya kiasi ninachokijua, kwenye plazma ya mtu nipate mstari wa kalibresheni, mstari unaanzia juu, haupiti sifuri hata kidogo. Ntapata wapi plazma ya binadamu isiyo na vitamini A? Na hizo tyubu kumi na moja nizifanyeje? Kurudi kuwachoma tena wale wamama kwa kweli sitamani.

Kamanda wa Ihumwa

Pole sana dada. Kwa nilivyofundishwa vitamini A na mwanga haviivi, hizo kumi na moja zitoe tu kwenye kazi, ukiziacha mwalimu wako wa nje atakubana kwenye utetezi. Sampo chache safi ni bora kuliko nyingi za wasiwasi.

Fundi_Kolamu

Dada subiri kwanza usitupe kitu. Nimefanya hizi retinoli kwa miaka kadhaa, ngoja nikuelezee taratibu, samahani itakuwa ndefu.

Anzia kwenye damu yenyewe. Retinoli haielei peke yake kwenye plazma, imebebwa. Kuna protini ndogo inaitwa RBP, ini linaitoa ikiwa imeshambeba retinoli tumboni, alafu nayo inashikana na protini nyingine kubwa zaidi, transithairetini, ili figo isiichuje ikapotelea kwenye mkojo. Kwa iyo ikiwa bado ndani ya damu nzima, imekumbatiwa na protini na imezungukwa na seli nyekundu, ina kinga ya kiasi fulani. Pale ambapo inakuwa uchi kabisa ni baada ya wewe kumwaga ethanoli, protini zikaganda, ukaivuta kwa heksani, kile kimiminika kinachoyeyusha vitu vya mafuta. Hapo ndipo mwanga unaimaliza. Nimeona watu wanafunga tyubu za damu na foili kijijini kwa uangalifu wote, wakifika maabara wanaacha vichupa vyeupe vya heksani mezani chini ya taa za tyubulaiti wanaenda kunywa chai. Hao ndo wanaopoteza.

Mwanga unafanya mambo mawili tofauti. Moja ni kuivunja kabisa. La pili ni kuikunja, yan molekuli ni ile ile, uzito ule ule, lakini mkia wake uliokuwa umenyooka unapinda sehemu moja. Na ukifikiria sio ajabu, manake ndiyo kazi yake jichoni: retinali inakaa imepinda ndani ya retina, mwanga ukiigusa inanyooka, na kule kunyooka ndiko kunakotuma taarifa kwenye ubongo kwamba umeona kitu. George Wald alipewa Nobeli 1967 kwa kuchimba habari hii. Kitu kilichoumbwa kudaka mwanga, ukikiweka dirishani kitadaka.

Sasa kwa vitu vyako vitatu. Retinoli kwa mtu mzima mwenye afya inakuwa kama maikromoli 1 mpaka 3 kwa lita, HPLC yako inaiona bila shida kwa nanomita 325. Asidi ya retinoiki ni habari nyingine kabisa, iyo ya asili kwenye damu ni nanomoli chache kwa lita, kumi na kitu ukibahatika, yan iko chini ya retinoli mara mia kadhaa. Na iko kwa sura zaidi ya moja, ile iliyonyooka na ile iliyopinda namba 13, na zinageukiana kwa mwanga. Ukitaka kuzitenganisha na kuzihesabu kwa uhakika unahitaji mashine ya kupima uzito wa molekuli, LC-MS/MS. Kwa UV yako na plazma maikrolita 200 utakuwa unahesabu kelele za mashine. Ongea na msimamizi wako mapema uitoe kwenye proposo, na kwa zile kumi na moja za dirishani asidi ya retinoiki isahau hata ukipata mashine.

Retinili palmiteti nayo ina mtego wake. Mtu akishakula chakula chenye mafuta na vitamini A inapanda kwa masaa kadhaa kwa sababu inasafiri na mafuta kutoka utumbo, kwa iyo bila kufunga usiku kucha namba yake haikwambii kitu. Wamama wanaonyonyesha waliotembea alfajiri huwezi kuwafungisha njaa, na usiwafungishe. Retinoli yenyewe haiyumbi sana kwa mlo mmoja.

Blanki. Hili kila anayepima kitu ambacho mwili unacho tayari linamkuta. Plazma isiyo na retinoli haipo kwa binadamu aliye hai, kwa iyo unaitengeneza. Njia nyepesi ni kutumia albumini ya ng'ombe, yan protini ya damu yake, kwenye saline, kama gramu 40 hadi 60 kwa lita, hiyo ndo inakuwa plazma yako ya bandia, unaongeza standadi humo. Njia nyingine ni kuchukua plazma ya watu, kuichuja na mkaa wa maabara, au kuiacha kwenye mwanga mkali mpaka retinoli yote ife, yan yule adui yako wa dirishani unamfanya kibarua. Yoyote utakayochagua lazima uhakikishe inafanana na plazma halisi: tengeneza mstari mmoja kwenye albumini, mstari mwingine kwa kuongeza standadi kwenye plazma ya kawaida. Mstari wa plazma utaanzia juu kama ulivyoona, hilo sio kosa, pale unapoanzia ni ile retinoli ya mwenye damu. Cha kuangalia ni mwinuko. Mistari miwili ikipanda sambamba, albumini yako inakubalika. Ikiwa haiko sambamba, kuna kitu kwenye plazma kinashika retinoli isitoke wakati wa kuvuta, rudi kwenye ethanoli.

Na weka retinili aseteti tangu mwanzo ndani ya ile ethanoli, hiyo kwenye damu ya mtu haipo kwa asili, ikipotea kidogo njiani utajua na retinoli imepotea kiasi gani.

Binti_Chamwino

Mkuu Fundi_Kolamu Mungu akubariki, nimesoma mara tatu. Kumbe kile nilichodhani ni kosa langu ndo retinoli ya mwenye damu yenyewe. Swali dogo, standadi yangu ya retinoli ni ya mwaka juzi, imekaa friza ikafunguliwa mara kadhaa. Bado naweza kuiamini?

Fundi_Kolamu

Usiuamini uzito ulioandikwa kwenye chupa. Iyeyushe kwenye ethanoli, ipime kwenye spektrofotomita kwa nanomita 325, ukokotoe mkusanyiko wake kutoka hapo, alafu ipitishe kwenye kolamu uone kama kilele ni kimoja au ina vitoto pembeni. Ukiona vitoto ujue imeshaanza kuharibika. Na ukishaipima itumie siku hiyo hiyo.

Kuhusu zile kumi na moja: acha kubishana nazo kichwani, zijaribu. Chukua damu yako na ya wenzako wawili watatu wanaokubali kwa hiari na kwa maandishi, kila mtu tyubu mbili. Moja funga foili weka kwenye deli. Nyingine iweke dirishani saa tano hadi saa nane, dirisha linaloangalia upande ule ule, siku yenye jua kama ile. Zisentrifyuji pamoja, zipime pamoja, siku moja. Hapo utakuwa na namba ya kusimama nayo mbele ya mwalimu wa nje.

Kamanda wa Ihumwa

Hili jaribio limekaa vizuri, narudisha kauli yangu ya kutupa. Ila lazima kamati ya maadili waambiwe kabla hamjachomana hizo damu.

Nesi Mstaafu Mpwapwa

Mbukwenyi wanangu. Mimi sijui hizo kolamu, nilikuwa nesi vijijini miaka thelathini na moja, nataka nimwambie huyu binti jambo.

Miaka ya nyuma tulikuwa tunaletewa mtoto, mama yake anasema jua likizama huyu anakaa chini haendi popote, anapapasa ukuta, anamwaga maji. Mchana anacheza na wenzie vizuri tu. Hapo hatukuwa na mashine, ulikuwa unamwangalia jicho kwenye weupe, ukiona kama povu limekauka pembeni unajua. Unampa tone la vitamini, na unamwambia mama ampe maini. Siku chache mama anarudi anacheka, mtoto anatembea usiku. Kwa iyo unapopima damu za hao wamama wewe unaona kitu sisi tulikuwa tunakiona kikiwa kimechelewa. Kazi yako ni nzuri, usilie.

Lakini naomba uwaulize pia wanakulaje. Kwetu huku ugali wa uwele na mlenda mwaka mzima, mlenda wa kiangazi ni majani yaliyokaushwa. Wengi wanaanika juani kwenye bati au kwenye jamvi mpaka majani yanapauka yanakuwa rangi ya nyasi, hapo ile vitamini imeondoka na rangi yake. Tulikuwa tunawafundisha waanike kivulini penye upepo, jani likikauka bado la kijani. Hayo unayoyasema ya dirishani mimi nayajua kwa mlenda. Na mboga isipikwe bila mafuta, hata karanga zilizotwangwa zinatosha.

Binti_Chamwino

Shikamoo mama. Nimesoma nikatokwa machozi kweli. Dodoso langu lina swali la mboga lakini halina swali la namna ya kukausha, nitaongea na msimamizi nione kama naweza kuliongeza nikirudi kijijini.

Nesi Mstaafu Mpwapwa

Marahaba mwanangu. Rudi, watafurahi kukuona.

Mzee wa Zabibu

Samahani mimi si wa fani, nauliza tu. Hivi mama akiambiwa yake ni 0.6 anakuwa mgonjwa? Au ndo namba za kitaalamu tu?

Daktari_wa_Lishe

Swali zuri sana mkuu. Shirika la Afya Duniani linatumia maikromoli 0.70 kwa lita kama mpaka, chini ya hapo inahesabiwa upungufu, hasa kwa watoto wadogo, na chini ya 0.35 ni upungufu mkali. Lakini iyo namba inasaidia zaidi kujua hali ya kijiji kizima kuliko kumhukumu mtu mmoja, na sababu iko kwenye ini.

Vitamini A nyingi ya mwili imehifadhiwa kwenye ini, na ini ni kama mama anayegawa unga wakati wa njaa, anatoa kibaba kile kile kila siku hata ghala likipungua, watoto hawajui kama debe limebaki moja. Damu inakaa palepale kwa muda mrefu. Inapoanza kushuka ndo ujue ghala limeisha kabisa. Kwa iyo mtu mwenye 1.2 anaweza kuwa na ini limejaa au ini la wasiwasi, damu haitofautishi. Wanaotaka kujua ghala wanampa mtu dozi ndogo ya vitamini A2, aina isiyopatikana sana kwenye vyakula vya kawaida, wanasubiri masaa manne hadi sita, wanapima uwiano wake na retinoli. Ikitokea nyingi maana yake ini lilikuwa na RBP zimekaa bure zinasubiri mzigo, yan ghala limepungua.

Kuna jingine na hili dada mwenye mada alisikie vizuri. Homa inashusha retinoli. Mtu akiwa na malaria, nimonia, hata jipu, ini linapunguza kutoa RBP, retinoli inashuka kwenye damu wakati ghala liko vile vile. Ukipima bila kuangalia uvimbe wa ndani utaita upungufu kitu ambacho ni malaria. Pima CRP na kama unaweza AGP, ni protini za damu zinazopanda mtu akiwa na uvimbe huo, kwenye plazma ile ile. CRP inapanda haraka na kushuka haraka, AGP inachelewa kupanda na inakaa muda, ukiwa nazo zote mbili unajua mtu yuko mwanzoni mwa ugonjwa, katikati au anapona.

Ule utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2010 uliokuta karibu theluthi ya watoto wetu wa miezi 6 hadi 59 wana upungufu ulitumia RBP kwenye tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi, sio retinoli yenyewe, manake karatasi inasafirishika bila barafu. Kwa kijiji kisicho na umeme ni njia ya kufikiria siku nyingine. Lakini RBP haikwambii imebeba au haijabeba, kwa wenye HPLC retinoli yenyewe bado ni bora.

Na watoto wao kama nao utawapima angalia tarehe, matone ya vitamini A wanayopewa watoto Juni na Desemba yanaleta mzigo mkubwa kwa mara moja, yuniti 100,000 kwa wa miezi 6 mpaka 11 na 200,000 kwa wa mwaka mmoja kwenda juu mpaka kabla ya miaka mitano. Usiende wiki mbili baada ya hapo ukasema kijiji kiko vizuri.

Mzee wa Zabibu

Hapo kwenye unga wa njaa nimeelewa kabisa. Asante daktari.

Binti_Chamwino

Wakuu nimerudi kuwapa mrejesho, ni wiki tatu sasa.

Kamati ya maadili waliturudishia barua kwamba tuendelee na lile jaribio. Tulikuwa wanne, kila mmoja tyubu mbili, saa tano tukaziweka. Nilikaa nazo pale dirishani masaa yote matatu, nikawa naona kivuli cha fremu ya dirisha kinahama kutoka tyubu ya kwanza kinaenda ya pili, na damu ikawa inajitenga, plazma ya njano inatokea juu na jua linapita ndani yake. Hapo nikaelewa kwa nini ile ya juu ndo iko hatarini.

Maabara tulifunika madirisha kwa nailoni nyeusi, tukazima tyubulaiti tukabaki na taa ya njano. Plazma maikrolita 200, ethanoli yenye retinili aseteti kiasi kile kile, kutikisa, heksani mara mbili, tabaka la juu tukalikausha kwa naitrojeni, methanoli, kolamu. Albumini na plazma mistari imepanda sambamba, nimeichora kwenye karatasi moja nikaipiga picha nikamtumia mama yangu ingawa hajui ni nini.

Majibu: retinoli ya dirishani ilikuwa chini kidogo kuliko ya foili kwa watu watatu kati ya wanne, lakini huko kushuka ni kudogo, kuko ndani ya tofauti ninayoipata nikipima plazma ile ile mara tano. Alafu nikafanya kile Fundi alichosema cha heksani, nikaacha kichupa kimoja cheupe pale pale dirishani dakika thelathini tu. Zaidi ya nusu imepotea na kando ya kilele changu vimeota vilele viwili vidogo ambavyo havikuwepo.

Msimamizi amekubali: asidi ya retinoiki imetoka kwenye kazi, palmiteti imetoka, imebaki retinoli na CRP. Zile kumi na moja zinabaki lakini nitaonyesha hesabu mara mbili, zikiwemo na zisipokuwemo.

Yule mama aliyeniambia nilete majibu ni kati ya hizo kumi na moja. Yake imesoma 0.58.

Fundi_Kolamu

Kazi safi sana dada, safi kabisa. CRP yake ni ngapi?

Binti_Chamwino

34. Na kwenye dodoso lake, siku ile tulipochukua damu, nimekuta ameandikiwa alikuwa na homa tangu juzi yake. Kumbe alitembea na homa kuja pale mbuyuni.

Daktari_wa_Lishe

Basi iyo 0.58 usimpelekee kama upungufu. Mwambie damu yake inaonyesha alikuwa anaumwa, apimwe malaria na aangaliwe na titi pia manake ananyonyesha, na akishapona wiki kadhaa mpime tena.

Binti_Chamwino

Naenda Alhamisi. Mhudumu wa afya wa kitongoji chao nimeshampigia, anasema mama amepona anaendelea na shamba. Nitabeba foili roli mbili.